Mkanda wa Dulla

Siku ya pili ya Idi, baada ya pilau, Dulla alipandisha fulana sebuleni ili Mama amtazame mgongo. Malengelenge yalianzia kwenye uti, yakapita chini ya kwapa la kushoto, yakaishia karibu na chuchu. Upande wa kulia ngozi ilikuwa safi, utadhani mtu kapiga mstari katikati ya mwili akauambia ugonjwa mwisho hapa.

Shangazi akaweka kikombe chini.

Hakusema neno. Alimtazama Dulla, akamtazama shemeji, mke wa Dulla, kisha akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Mkanda wa jeshi. Sina haja ya kueleza jina hilo lilibeba nini mtaani kwetu miaka ya 1990, wala kwa nini shemeji aliinuka akaenda uani. Dulla ana miaka 29. Kijana wa umri huo akitokwa na mkanda, watu hawaulizi, wanahesabu. Wanahesabu safari zake, wanahesabu wanawake, wanahesabu umri wa ndoa.

Hakuna aliyehesabu ile miezi 7 tangu bodaboda yake iingie chini ya lori la mchanga.

Hata mimi.

## Kimya changu

Mimi ndiye niliyelala kwenye benchi nje ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa usiku 9. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza wodini, nikimshikia chupa ya haja ndogo, nikihesabu matone ya dripu kwa kukosa la kufanya. Kama kuna mtu sebuleni mle aliyejua mwili ule umepitia nini, ni mimi. Na jioni ile nilimvuta Dulla pembeni, nikatumia ile sauti ya kaka mkubwa, nikamwuliza: "Mmepima?"

Aliniangalia muda mrefu.

"Na wewe, kaka?"

Walipima UKIMWI kesho yake, yeye na mkewe. Hawana. Wakarudia baada ya miezi 3. Hawana. Lakini katikati hapo shemeji alikuwa ameshaondoka kwenda kwao wiki mbili, kwa sababu wanawake bombani walikuwa wakinyamaza kila akifika na ndoo. Karatasi ya majibu huwezi kuibandika mlangoni.

Kilichonisumbua tangu siku ile ni swali la daktari kijana aliyemwandikia Dulla asikloviri, dawa ya virusi vya mkanda. Kabla hata ya kumgusa aliuliza: "Huyu aliwahi kuumia vibaya karibuni?" Nikamweleza ajali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo. "Mwili ukipondeka, na kinga inapondeka," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Mgeni aliuliza swali ambalo sisi wa damu hatukuliuliza. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sina uganga wowote, lakini wiki kadhaa nimekuwa nikisoma usiku na kumsumbua rafiki yangu mmoja muuguzi wa ICU mpaka akaanza kuchelewa kujibu meseji.

## Maji kupwa, maji kujaa

Usiku wa ajali mikono ya Dulla ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mapigo yalikuwa madogo, sauti ndogo, kila kitu chake kimerudi ndani. Siku ya tatu akawaka. Homa, mapigo mbio, jasho, shuka zinabadilishwa mara mbili kwa usiku. Tulisema tu kwamba hali imebadilika, tukaendelea kuomba.

Babu yetu alikuwa mvuvi. Basi nilipogundua kwamba mwanasayansi mmoja wa Scotland, David Cuthbertson, aliziita hatua hizo mbili kwa majina ya bahari, nilicheka peke yangu gizani. Mwaka 1942 aliandika kwamba mwili ulioumia vibaya kwanza hukupwa, siku moja au mbili, joto linashuka na kila kitu kinabanwa ili roho isitoke. Kisha hujaa: joto linapanda, moyo unakwenda mbio, mwili unaanza kujichoma wenyewe kama kuni.

Nililipenda wazo hilo kupita kiasi. Baadaye likanipotosha, nitafika huko.

## Chungu cha Mama

Dulla aliingia hospitali akiwa na mabega ya kijana anayebeba magunia. Mwezi wa pili nilikuwa namwinua kwa mkono mmoja.

Mama alipika. Uji wa lishe wenye karanga, supu ya mifupa, samaki, mayai, maharage yaliyopondwa. Alisafiri na vyungu kwenye daladala, asubuhi na jioni. Na bado mtoto alikauka. Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali alisema, tena mbele ya Mama: "Huyu hapewi chakula cha maana." Mama alifunika chungu, akatazama dirishani.

Cuthbertson alikuwa ameyaona hayo Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alikuwa akipima mkojo wa watu waliovunjika miguu, akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kuliko inavyoweza kutoka kwenye sehemu iliyovunjika peke yake. Naitrojeni ile ni protini, na protini ile ni misuli, misuli ya mwili mzima: mapaja, mabega, hata ile ya kuvutia pumzi. Akajaribu kuwalisha vizuri zaidi. Hasara ilipungua, haikukoma.

Misuli ile haipotei bure, na hili ndilo lililonifungua macho. Mwili unaibomoa ili upate malighafi. Ini linaitaka litengeneze protini za dharura. Chembe nyeupe za damu, askari wa kinga, zinaitaka zizaliane, maana chakula chao kimojawapo kikuu, glutamini, ghala lake ni misuli. Kwa maneno mengine Dulla alikuwa akiliwa na jeshi lake mwenyewe, na chakula cha Mama kilikuwa kikiingia kwenye ghala lenye mlango wa nyuma uliofunguliwa.

Nilimpigia simu Mama usiku uleule kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilijua napika vizuri." Akakata.

## Adui mwenye damu yetu

Lakini jeshi lilikuwa likipigana na nani? Kidonda kilisafishwa mapema, sindano ya pepopunda alichomwa, dawa za kuua vijidudu alipewa. Siku ile ya tatu alipowaka, vipimo vya damu havikuota mdudu yeyote. Nakumbuka daktari akisema "hatuoni maambukizi", na mimi nikawaza kimoyomoyo kwamba maabara yao imezeeka.

Tumezoea hadithi moja: mdudu anaingia, askari wa mwili wanamkimbilia. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, Polly Matzinger, aliipinga hadithi hiyo. (Mwanamke huyu aliwahi kuwa mhudumu wa baa, na aliwahi kumwandika mbwa wake kama mwandishi mwenza wa makala ya kisayansi. Nilimwamini zaidi baada ya kujua hilo.) Alisema kinga haiulizi tu kama huyu ni mgeni au mwenyeji. Inasikiliza kelele za hatari, na seli inayopasuka vibaya hupiga kelele.

Kelele zenyewe zilipatikana. Mwaka 2010 kikundi cha Boston, Carl Hauser akiwa mmoja wao, kilionyesha kwamba mtu akipondeka, mitokondria za seli zilizopasuka humwagika kwenye damu. Mitokondria ni vile vinu vidogo vya kuzalisha nguvu ndani ya karibu kila seli. Zamani za kale, zaidi ya miaka bilioni moja, zilikuwa bakteria huru, zikahamia ndani ya seli nyingine na hazikutoka tena. Bado zina DNA yao, ya duara kama ya bakteria. Zikiwa ndani ya seli hakuna anayeziuliza. Zikimwagika nje, chembe nyeupe zinaziona kama bakteria na kuzishambulia.

Kwa hiyo homa ile ilikuwa ya kweli, na maabara haikuzeeka. Mwili wa Dulla ulikuwa ukipigana na mpangaji wake wa miaka yote, aliyemrithi kwa Mama, kwa kuwa mitokondria zetu tunazipata kwa mama.

Vita havikubaki mguuni. Chembe zilizoamshwa namna hiyo zinasafiri na damu na kuharibu njiani, mapafu yakiwa ya kwanza. Ndiyo maana alikuwa ICU kwa ajili ya kupumua, wakati kilichovunjika kilikuwa paja na mbavu nne.

## Tulivyomsema daktari

Paja lake hawakulitia chuma cha ndani mara moja. Walimfunga vyuma vya nje, vile vinavyochomoza kwenye ngozi kama jukwaa la mafundi, wakasema tusubiri. Siku ya tatu tukaanza kunong'ona. Shangazi akasema wanangoja kitu kidogo. Mjomba akakunja noti, akaiweka mfuko wa shati, tayari.

Daktari bingwa alitukuta kwenye korido, akatuambia tu: "Nikimfungua sasa hivi nitampiga pigo la pili." Tuliitikia kwa heshima, hatukuelewa, na tulipomwacha tukaendelea kumsema.

Sasa najua alichomaanisha. Upasuaji mkubwa nao ni jeraha. Madaktari wa Hannover, Ujerumani, walilinganisha majeruhi waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa pili kati ya siku ya 2 na ya 4 na wale waliongoja siku ya 6 hadi ya 8. Waliowahi ndio walioharibikiwa zaidi, kwa sababu walipigwa tena wakati moto ungali juu. Dulla alitiwa chuma siku ya 8.

Ni kweli, kuna hospitali unangoja kwa sababu chuma hakipo au foleni ni ndefu. Safari hii haikuwa hivyo, na noti ya mjomba ilirudi nyumbani nayo.

## Mkondo wa chini

Hapa ndipo bahari iliponipotosha.

Nilikuwa nimejijengea picha safi: kwanza kinga inajaa, inawaka mpaka inazidi, kisha inachoka na kukupwa, na kwenye kukupwa huko ndiko magonjwa yanakoingia. Si mimi tu niliyewaza hivyo. Miaka ya 1990 daktari wa Marekani Roger Bone alikuwa amechora hatua zinazofanana na hizo, moto na kisha mwitiko wa kuuzima, na watu wakafundishana kwa miaka.

Mwaka 2011 ukatoka utafiti uliovuruga mchoro. Walichukua damu ya majeruhi 167 wa Marekani, watu wazima wa chini ya miaka 56, ajali zikiwa za kugongwa na kupondwa, wakasoma vinasaba ndani ya chembe nyeupe mara kwa mara mpaka siku ya 28. Zaidi ya 80% ya vinasaba vilikuwa vimebadili kazi. Mvurugiko huo waliuita tufani. Na vile vya kuwasha moto vilipanda saa zilezile ambazo vile vya seli T, walinzi wenye kumbukumbu ya magonjwa ya zamani, vilikuwa vikishuka.

Hapakuwa na zamu. Kuwaka na kuzimika vilianza pamoja.

Nilikaa na hilo siku nyingi, halafu nikamkumbuka Babu. Alikuwa akitukataza kuoga pwani mawimbi yanapokuwa makali, akisema juu yanakuja, chini yanavuta. Sisi watoto tuliona maji yanaingia tu. Yeye alijua kuna mkondo mwingine miguuni.

Tulipokuwa tunamwona Dulla anawaka, miguuni alikuwa tayari anavutwa.

Ile lugha ya askari tuliyofundishwa na mabango ya UKIMWI haitoshi hapa, maana shida ya majeruhi si uchache wa askari peke yake. Wengine ni wengi mno, ila ni makuruta. Uboho wa mifupa, ukipigiwa kelele za hatari bila kikomo, unatoa chembe changa ambazo hazijakomaa. Baadhi ya hizo chembe changa zinafyonza arginini, kirutubisho ambacho seli T haziwezi kufanya kazi bila hicho. Na wale waliokomaa nao wanakosa zana. Miaka ya 1980, Louisville, Kentucky, waliangalia monosaiti, chembe ambazo kazi yake mojawapo ni kumshika mdudu na kumwinua juu ili wengine wamtambue. Kibebeo wanachotumia, HLA-DR, kilipungua baada ya jeraha kubwa. Kwa waliopona bila shida kilirudi ndani ya wiki moja. Kwa waliopata maambukizi, wiki tatu hivi. Kwa waliokufa hakikurudi.

## Kitanda cha dirishani

Jirani wa Dulla wodini alikuwa fundi rangi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili. Bandama lilipasuka, wakalitoa. Alipona haraka kuliko wote, akaondoka akitembea, wodi nzima ikamwonea wivu.

Namkumbuka kwa sababu sista alimfuata mpaka mlangoni na karatasi. Chanjo ya nimonia, chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na onyo: homa yoyote, hata ya saa tatu usiku, hospitali, usingoje asubuhi. Malaria usiichezee. Alikuwa akicheka, "Sista, mimi nimepona." Bandama ndilo chujio la damu, linakamata bakteria wenye magamba na chembe nyekundu zilizoliwa na malaria. Mwaka 1977 ulichapishwa uchunguzi wa wanajeshi 740 wa Marekani waliotolewa bandama kwa majeraha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walikuwa wamekufa kwa nimonia zaidi kuliko wenzao, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Yeye angalau aliondoka na karatasi inayosema kinga yake imepungukiwa. Dulla aliondoka na magongo, tarehe ya kliniki ya mifupa, na picha za eksirei. Hakuna aliyetuambia chochote kuhusu damu yake, na sisi hatukujua kwamba kuna cha kuuliza.

## Miezi 7

Sasa hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mwaka 2013 timu ileile ya tufani ililinganisha binadamu na panya. Kwa panya, vinasaba vilivyovurugwa na jeraha vilirudi kwenye hali yake ndani ya saa chache mpaka siku 4. Kwa watu ilichukua mwezi 1 hadi 6. Nilipoona 6 nilikunja uso. Dulla alikuwa mwezi wa 7. Kwa hiyo nadharia yangu inakufa kwa mwezi mmoja?

Nikarudi kwenye kalenda. Chuma kilitiwa siku ya 8. Mwezi wa tatu kidonda kilianza kutoa usaha, akafunguliwa tena, wakasafisha mfupa. Usaha ulikoma mwezi wa tano. Yaani saa ya Dulla haikuanza siku ya ajali ikatembea moja kwa moja. Ilirudishwa nyuma angalau mara mbili.

Halafu kuna wale ambao saa yao haitembei kabisa. Mwaka 2012 Frederick Moore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walilipa jina kundi ambalo ICU za kisasa zimelizalisha: watu ambao zamani wangekufa, sasa hawafi, na hawaponi. Moto mdogo usiozima, kinga iliyolala, misuli inayoyeyuka, vyote kwa pamoja kwa miezi. Texas, watoto waliounguzwa vibaya, zaidi ya 900, walifuatiliwa na mvurugiko huo ukaonekana mpaka miaka 3. Ngozi ilikuwa imeshafunga zamani.

Sasa virusi vya tetekuwanga, maana ndivyo hivyohivyo vinavyoleta mkanda. Dulla aliugua tetekuwanga darasa la pili, nakumbuka alivyopakwa ile dawa ya waridi mwili mzima. Virusi havikuondoka. Vililala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, seli T zikivilinda kama mlinzi anayekaa getini miaka ishirini bila tukio. Mlinzi akilegea, vinaamka na kushuka kwenye mshipa mmoja, upande mmoja, ndiyo maana mstari unakatika katikati ya mwili. UKIMWI unamlegeza mlinzi. Uzee unamlegeza. Tafiti zimeonyesha kwamba jeraha la mwili nalo huongeza uwezekano wa mkanda, hasa pale palipoumia.

Mbavu nne za Dulla zilivunjika kushoto.

Siwezi kuapa kwamba ni ajali. Kuna vijana wanaotokwa na mkanda bila kugongwa na kitu chochote, na mtu mmoja si utafiti. Nimejiuliza kama naitaka sana sababu hii kwa kuwa inanisaidia kusahau swali nililomwuliza Dulla pembeni. Huenda. Lakini jioni ile nilikuwa na sababu mbili mbele yangu, moja ina ushahidi wa makovu niliyoyaosha kwa mikono yangu, nyingine ina ushahidi wa macho ya shangazi. Nikachagua macho ya shangazi.

## Pindo la khanga

Dulla amerudi kuwa na mabega, si yale ya zamani. Anatembea bila gongo, anachechemea mvua ikikaribia. Mkanda umeacha alama nyeusi na maumivu yanayokuja usiku kama mtu anapitisha waya wa moto. Bodaboda kauza. Amepata kazi ya kukaa, dukani kwa rafiki yake, na mafua ya mtaa mzima bado yanampitia yeye kwanza.

Shemeji alirudi. Yale majibu mawili ameyakunja, anayafunga kwenye pindo la khanga, sijui kwa nini bado anayabeba na sikumwuliza. Juzi nilikwenda kwao, nikawasomea haya kabla sijayaweka hapa, kwa kuwa ni maisha yao. Dulla alisinzia kwenye sehemu ya panya. Shemeji alisikiliza yote, akichambua mchicha.

"Na shangazi atasoma?" akauliza.

Nikamwambia shangazi hana simu ya kupangusa.

"Basi utakwenda kumsomea," akasema, akainuka kuepua chungu.